Nani aliyelikata jani la muhogo?

Ingia shamba la muhogo asubuhi, kabla umande haujakauka, usimame mbele ya shina moja tu. Hesabu vidole vya majani yake. Hili lina vidole saba. La chini yake lina vitano. Lile la juu, karibu na mahali maua yanapotokea, lina vitatu, na pengine utakuta moja lisilo na kidole hata kimoja, limenyooka kama ulimi. Shina ni moja, lilitoka kwenye pingili moja, na jeni zilizomo ndani ya majani hayo yote ni zilezile. Sasa kwa nini vidole havilingani?

Swali hili nimewauliza watu wengi, wakiwemo wanaoyajua mashamba kuliko mimi. Majibu yao ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Mengi yanapendeza kusikiliza, na machache yana ukweli. Nayaleta hapa yale niliyoyasikia mara nyingi, pamoja na mengine niliyokuwa nikiyaamini mwenyewe, na kila moja nalitolea hukumu.

"Kila umbo la jani lina jeni yake."

Si kweli.

Ingekuwa hivyo, kungekuwa na jeni ya jani la mwarobaini, nyingine ya jani la mwembe, nyingine ya mpapai, na hesabu isingeisha. Mambo yalivyo ni ya kustaajabisha zaidi. Mimea iliyo mbalimbali kabisa inatumia jeni chache zilezile, na tofauti hutokana na mahali zinapowashwa, wakati zinapowashwa na muda zinaokaa zimewaka. Hizi ni jeni simamizi. Hazijengi kuta za seli wala hazitengenezi ukijani. Protini zake hushika DNA na kuziamuru jeni nyingine zifanye kazi au zinyamaze. Waashi ni wengine. Hawa ni manyapara.

Nyapara wa kwanza wa aina hii kufahamika kwa undani alipatikana kwenye mahindi. Kuna mahindi ambayo majani yake huota vifundo vifundo kando ya mishipa, kama ngozi iliyoota sugu. Mwaka 1991 Sarah Hake na wenzake huko California waliieleza jeni inayohusika, KNOTTED1. Katika mhindi wa kawaida jeni hiyo hufanya kazi kwenye ncha ya shina, mahali ambapo seli zinagawanyika bila kuamua bado zitakuwa kitu gani. Pale jani linapoanza, inazimwa. Katika mhindi wenye vifundo jeni haina ubovu wowote wa kazi. Kosa ni kwamba imewaka ndani ya jani, mahali pasipo pake, na seli za hapo zinaendelea kugawanyika kana kwamba bado ziko nchani.

Mwaka 1996 watafiti wa Israeli waliichukua jeni hiyohiyo ya mahindi wakaiweka kwenye mnyanya. Jani la mnyanya, kama unavyolijua, tayari limegawanyika: kikonyo kimoja kimebeba vijani kadhaa. Je, liliota vifundo? Hapana. Liligawanyika tena na tena mpaka jani moja likabeba vijani mamia. Nyapara mmoja, amri moja, lakini kila shamba liliielewa amri kwa namna yake. Kwa maoni yangu hakuna jaribio linaloonyesha vizuri zaidi kwamba jeni hii haikubeba umbo. Ilibeba neno moja tu: endeleeni.

"Mmea wenye jani lisilogawanyika haujawahi kuwa na jeni za kuligawa."

Si kweli, na ushahidi wake unatoka kwenye magugu mawili madogo ya ukoo wa kabichi na sukumawiki. La kwanza ni Arabidopsis thaliana, mmea unaochunguzwa kuliko wote duniani, ambao huota hata kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Jani lake ni zima. La pili, Cardamine hirsuta, ni ndugu yake wa karibu, na jani lake limegawanyika katika vijani.

Kundi la Miltos Tsiantis, lenye makao yake sasa katika Taasisi ya Max Planck mjini Cologne, Ujerumani, lilizikabili mbegu za ndugu hawa wawili kwa subira ya miaka. Kwanza lilionyesha, mwaka 2006, kwamba jeni za ukoo wa KNOTTED1 huwaka tena ndani ya jani changa la Cardamine, ilhali ndani ya jani la Arabidopsis hubaki zimezimwa. Kisha mwaka 2014 likaja jambo ambalo sikulitarajia. Jeni moja iitwayo RCO, iliyo hai ndani ya Cardamine, imepotea katika Arabidopsis thaliana. Babu zake walikuwa nayo. Watafiti walipoirudisha, jani la Arabidopsis likaanza kuota mapindo makubwa ukingoni, likiuelekea mgawanyiko ambao mababu waliuacha.

Tumezoea kudhani kwamba mabadiliko ya viumbe ni kuongeza: kitu kipya juu ya cha zamani. Hapa umbo jipya limepatikana kwa kupoteza.

"Jeni ni ramani, na mmea unaifuata kama fundi anavyofuata ramani ya nyumba."

Si kweli. Dai hili ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu limo hata katika vitabu vinavyotumiwa darasani.

Hakuna mahali popote ndani ya seli palipochorwa jani. Hakuna mstari wa ukingo, hakuna kipimo cha upana, hakuna picha. Kilichopo ni maagizo mafupi: kueni hapa, simameni pale. Umbo linakuja lenyewe.

Mtazame mama anayefuma kitambaa cha meza kwa kroshia. Anaanza katikati na kuzunguka. Kila mzunguko akiongeza vitanzi kwa kiasi kinachofaa, kitambaa kinalala bapa. Akiongeza vingi mno ukingoni, kitambaa kinajikunja mawimbi mawimbi, bila yeye kuyafuma mawimbi hayo. Nyuzi hazina pa kwenda, basi zinainuka.

Jani ni hivyohivyo. Katika ua liitwalo Antirrhinum, ambalo wapanda bustani hulipenda kwa rangi zake, kuna jeni simamizi iitwayo CINCINNATA. Mwaka 2003 Utkal Nath, Enrico Coen na wenzao, wakifanya kazi Norwich, Uingereza, walieleza kazi yake. Jani changa huanza kuacha kugawanya seli kwenye ncha, na amri hiyo ya kuacha hushuka taratibu kuelekea kikonyoni. CINCINNATA husaidia ukingo uitii amri hiyo kwa wakati. Jeni hiyo ikiharibika, ukingo unachelewa kusimama na kuendelea kukua huku katikati pamekwisha. Matokeo yake ni jani lenye mawimbi. Ukilitafuta agizo la mawimbi ndani ya DNA yake hutalipata kamwe, kwa sababu kilichobadilika ni saa ya kusimama.

Na meno ya ukingoni, yale yanayofanya jani lifanane na msumeno? Homoni ya ukuaji iitwayo auksini husafirishwa kutoka seli hadi seli na kukusanyika katika nukta kadhaa ukingoni. Kila ilipokusanyika, panasukuma nje. Katikati ya nukta hizo hufanya kazi jeni simamizi CUC2, ambayo hushiriki kuzipanga nukta zenyewe na kuuzuia ukuaji wa mabonde yaliyo kati yake. Juu ya CUC2 kuna mwangalizi mwingine, kipande kifupi sana cha RNA chenye urefu wa herufi 21 hivi, ambacho huunasa ujumbe wa CUC2 na kuuharibu. Kundi la Patrick Laufs huko Versailles, Ufaransa, lilionyesha mwaka 2006 kwamba kipande hicho kikizidi, ukingo wa jani unakuwa laini. Kikipungua, meno yanazama ndani zaidi. RCO niliyoitaja juu nayo ni ya kazi ya kuzuia: hupunguza ukuaji wa nafasi iliyo kati ya kijani na kijani.

Kwa hiyo ukilishika jani lenye vidole na kujiuliza nani amelikata, ujue halikukatwa. Nafasi kati ya kidole na kidole ni mahali palipobaki nyuma wakati pande zote mbili zinasonga mbele.

"Majani yote yaliyogawanyika yamegawanyika kwa njia moja."

Si kweli. Huhitaji maabara kulithibitisha hili. Uani kwa watu wa pwani panatosha.

Anza na mgomba. Jani la mgomba huzaliwa zima, limeviringwa kama mkeka, likafunguka pana bila mwanya. Michaniko unayoiona baadaye ni kazi ya upepo, unaopasua kufuata mishipa iliyolala sambamba. Mgomba uliokingwa na ukuta hubaki na majani mazima, na jeni zake ni sawa na za jirani yake aliyechanikachanika.

Sasa mnazi. Kwa mbali kuti na jani la mwarobaini vinafanana: uti katikati, vijani huku na huku. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, hudhani vimeumbwa sawa. Lakini ndani ya chipukizi mambo yako tofauti kabisa. Katika mimea kama mwarobaini au mnyanya, kila kijani huchomoza chenyewe kama uvimbe mdogo ukingoni mwa jani changa. Katika jamii ya mnazi jani huanza likiwa bapa moja. Bapa hilo hukua kwa kujikunja ndani ya nafasi finyu, mkunjo baada ya mkunjo, kama marinda ya sketi. Kisha seli zilizo kwenye mikunjo huachiana, na bapa linapasuka kwa mpangilio mpaka kila rinda linakuwa kijani chake. Yule anayesuka makuti anashika mkononi kitambaa kilichopasuka chenyewe kabla hakijaona jua.

Ushahidi umeota shambani. Tazama mche wa mnazi ambao ndiyo kwanza umetoka kwenye nazi. Majani yake ya mwanzo hayana vijani. Ni mazima, yamegawika nchani tu kama mkia wa samaki, na ukilipitisha jani hilo vidoleni utazihisi nyufa ambazo bado hazijafunguka. Majani ya baadaye ndiyo yanayopasuka kamili.

Ipo hata njia ya tatu. Katika mito ya Madagascar huota mmea wa majini, Aponogeton madagascariensis, ambao jani lake limebaki kimia: mishipa ipo, nyama iliyo kati yake haipo. Jani hilo huanza likiwa limejaa. Baadaye seli zilizo katikati ya kila kijumba hufa kwa amri ya mmea wenyewe, na tundu linafunguka.

"Jani lina upande wa juu na wa chini kwa sababu ya jua."

Si kweli kwa chanzo chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Ian Sussex alifanya upasuaji mdogo sana kwenye ncha ya shina la kiazi. Alipitisha kisu kati ya ncha na kichomozo ambacho kingekuja kuwa jani. Kichomozo kilichotenganishwa hakikuwa bapa. Kilikua mviringo kama sindano, hakina juu wala chini. Jani hujua upande wake wa juu kwa kuwa upande huo ndio unaoielekea ncha ya shina, tangu lingali dogo na gizani ndani ya tumba. Mwaka 1995 Richard Waites na Andrew Hudson walionyesha jambo linalofanana kwa njia ya jeni: Antirrhinum iliyoharibika jeni iitwayo PHANTASTICA hutoa majani kama sindano. Ubapa wenyewe huzaliwa pale pande mbili zinapokutana. Jua lina sehemu yake, kwani jani lililokulia kivulini huwa pana zaidi na lisilo nene kama la juani, lakini hufika wakati pande zimeshagawana kazi.

"Mti ukitoa majani ya aina mbili, aina mojawapo imepandikizwa."

Si kweli. Katika nyanda za juu ipo mikaratusi ya aina ya Eucalyptus globulus. Mche wake una majani mapana, yenye unga wa rangi ya buluu, yanayokumbatia shina mawili mawili bila kikonyo. Mti mkubwa una majani marefu yaliyopinda kama mundu, yananing'inia. Mtu akikata mti na kisiki kikachipua, machipukizi yanarudi na majani ya utotoni, na hapo ndipo watu huapa kwamba mti mwingine umejipenyeza kwenye kisiki.

Ni saa ya umri. Mmea mchanga una wingi wa RNA fupi iitwayo miR156, inayozikandamiza jeni simamizi za ukubwani. Kadiri mmea unavyokua, RNA hiyo hupungua, jeni hizo zinainua kichwa, na jani linabadilika. Scott Poethig wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ametumia miaka mingi kuifuatilia saa hii, na mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi ulioionyesha ikifanya kazi kwenye miti, ukiwemo mkaratusi huohuo na akasia.

"Jani la muhogo lililopinda na kujikunja limetokana na mbegu mbaya."

Nusu kweli, na nusu hiyo imewagharimu watu chakula.

Muhogo wenye batobato unajulikana: madoa ya manjano na kijani, vidole vimesokotana, jani limedumaa upande mmoja. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 huku kwetu, katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Katika miaka ya 1930 H. H. Storey na wenzake pale Amani, milima ya Usambara, walianza kazi ndefu ya kuzalisha muhogo unaoustahimili. Wimbi kali lililoanzia Uganda mwishoni mwa karne iliyopita liliyafuta mashamba mengi.

Chanzo ni virusi vinavyobebwa na nzi weupe. Pingili iliyokatwa kwenye shina gonjwa hubeba virusi hivyo, na hapo ndipo penye ukweli wa "mbegu mbaya". Lakini aina ya muhogo yenyewe haikubadilika, na jeni zake hazikuharibika. Kwa nini basi jani linapinda? Mwaka 2005 Padmanabhan Chellappan na wenzake walionyesha kwamba protini moja ya kirusi cha batobato, iitwayo AC4, hushika RNA fupi za mmea. Walipoiwasha ndani ya Arabidopsis, bila kirusi chochote, mmea ulikua na maumbo yaliyoharibika. RNA fupi ni silaha ya mmea dhidi ya virusi, lakini pia ni waangalizi wa manyapara, kama tulivyoona kwa CUC2. Kirusi kinapowafunga mikono walinzi, wasimamizi wa jani nao hukosa wa kuwadhibiti. Tangu nilipolisoma hili sijaweza kulitazama jani la batobato kama doa la ugonjwa tu. Ni ukuaji uliopokonywa usimamizi.

"Umbo la jani ni urembo, mkulima halimhusu."

Si kweli. Kuna pamba ambayo jani lake limechongoka na kugawanyika kwa kina, na kwa kufanana kwake huitwa pamba ya jani la bamia. Mwanga na hewa hupenya hadi chini, tumba za pamba haziozi sana wakati wa mvua, na baadhi ya wadudu hukosa maficho. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Vasu Kuraparthy wa Carolina Kaskazini walitangaza jeni inayosababisha umbo hilo. Ni ya ukoo wa LMI1, jeni ambayo RCO ilizaliwa kama nakala yake. Gugu dogo la maabara na pamba ya shambani, mlango mmoja.

Njegere nazo zina jeni iitwayo AFILA. Ikiharibika, vijani hugeuka nyuzi za kujishikilia. Mimea inashikana mikono, hailali chini, na kuvuna kunakuwa rahisi. Wakulima wa Ulaya na Kanada hupanda njegere za namna hiyo kwa makusudi.

"Ua ni jani."

Kweli.

Mshairi wa Kijerumani Goethe aliliandika wazo hili mwaka 1790, wakati hakuna aliyejua jeni ni nini, na kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa ndoto ya mshairi. Mwaka 1991 Enrico Coen na Elliot Meyerowitz walieleza jinsi makundi matatu ya jeni simamizi yanavyogawana kazi ya kuamua kipi kiwe petali, kipi kiwe kiungo cha kiume, kipi kiwe cha kike. Yakiondolewa yote matatu, mahali pa ua panaota majani. Mwaka 2001 Takashi Honma na Koji Goto huko Japani walikwenda upande wa pili: waliziwasha jeni zinazofaa kwa pamoja ndani ya jani la kawaida la Arabidopsis, na jani likawa petali.

Mwenye bogenvilia ukutani hahitaji kwenda Japani. Chuma kile unachokiita ua lake, lile pambo jekundu au la zambarau, na ukiinue dhidi ya mwanga. Utaona uti katikati na mishipa inayotawanyika mpaka ukingoni. Ni jani. Yamekaa matatu pamoja, na juu ya kila moja umesimama mrija mwembamba wenye mdomo mweupe. Hilo ndilo ua.